Maua Yaliyoota kwa Mstari

Maua yanayojiotea yenyewe hayaoti kwa mstari.

Nina miaka sabini na mbili na hilo sikufundishwa na mtu. Mbegu huanguka inapoanguka. Lakini asubuhi moja nilikuta miche kumi na minne kando ya njia ya kwenda bombani, imenyooka kama uzi.

Nikapima kwa mkono. Kati ya mche na mche, shubiri moja. Shubiri. Shubiri. Mpaka mwisho.

Na uani hapo nilikuwa nimeshang'oa kila kitu, hadi mzizi wa mwisho.

Ngojeni niwaeleze taratibu, wajukuu zangu, msije mkasema bibi kaanza kuchanganyikiwa.

Maua yenyewe tuliyaita maua ya alasiri. Mchana kutwa yanalala, jua likipungua makali yanafunguka. Shina moja, rangi mbili, waridi na njano. Mbegu zake nyeusi, ukiziona utasema pilipili manga.

Aliyaleta mwanangu. Mbegu tatu tu, kwenye mfuko wa shati, akampa mke wake.

"Zawadi hiyo."

"Wenzangu wanaletewa viatu," mkwe wangu akamwambia. Lakini alizipanda siku hiyo hiyo.

Mwaka wa pili yalijaa uani. Mwaka wa tatu yalipenya chini ya mabati ya uzio hadi kwa jirani. Mazuri, sikatai, lakini ni kama mgeni uliyempa kiti akaomba kitanda. Ukikata yanachipua. Mzizi wake mnene kama muhogo, ukikatikia ardhini umefanya kazi bure.

Mwaka wa nne mwanangu akafa. Homa ya siku tano.

Sikulia. Watu walikaa wakinisubiri nilie, wakachoka, wakaenda makwao. Mimi nikabaki kwenye kiti cha plastiki barazani. Nikiletewa uji nakunywa vijiko viwili. Nikiulizwa hali nasema sijambo. Ndani nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Unaushika, unajua ni wako, basi.

Mkwe wangu ni fundi cherehani. Wageni walipoondoka tu, alirudi chumbani kwake kushona. Cherehani ikawa inalia kuanzia asubuhi hadi jioni.

Nitasema kweli, lilinikaa kooni. Mumewe kafa juzi, yeye anashona nguo za watu.

Ndipo akaja jirani yetu, mwalimu mstaafu, na mche mkononi, udongo unamdondoka kwenye viatu.

"Bi mkubwa, maua yako yamehamia kwangu. Yamemaliza tuta la vitunguu, sasa yanapiga hodi jikoni."

"Yang'oe."

"Yangu nitang'oa. Ila mbegu zinatoka kwako. Au unangoja yaje yakung'oe wewe hapo kitini?"

Tangu msiba hakuna aliyekuwa amenisema. Wote walinishika kama yai. Nikainuka. Si kwa hasira. Niliona kuchimba ni rahisi kuliko kumjibu.

Nilichimba siku kumi na nane, nimepiga magoti juu ya gunia. Jioni nilikuwa na njaa. Uji niliumaliza, nikaramba na kijiko.

Kazi ikaisha. Nikarudi kitini. Uji ukarudi vijiko viwili.

Baada ya wiki mbili ndipo nikaona ule mstari.

Nikauchimba. Wiki iliyofuata, mwingine nyuma ya choo. Nikauchimba. Kisha mwingine, umelizunguka tangi la maji kama pindo la sketi.

Nikamwita jirani juu ya uzio.

"Mwalimu, unapanda maua kwangu?"

"Mimi? Ya kwangu yamenishinda."

Lakini alijibu huku anatazama tuta lake.

Siku moja kifungo cha gauni langu kilikatika. Mkwe wangu alikuwa ametoka kununua uzi. Nikaingia chumbani kwake, mara ya kwanza tangu msiba, nikafungua kopo la vifungo.

Vifungo alivipanga kwenye bahasha ndogo, kila rangi na yake. Nikamimina vyeusi kiganjani.

Havikuwa vifungo.

Kando ya kopo, ule utepe wake wa kupimia. Mwanzoni, urefu wa shubiri moja hivi, umegandwa na tope kavu. Kwingine msafi.

Nikakaa kwenye kigoda chake. Hapo ndipo nikatazama mezani.

Nguo za wateja zilikuwa pembeni, hazijakatwa, zina vumbi. Chini ya sindano kulikuwa na kipande kimoja cha shuka. Kimeshonwa mstari, mstari, mstari, juu hadi chini, kikageuzwa, kikashonwa tena juu yake hadi kimekuwa kigumu kama ubao. Si gauni. Si kitu.

Miezi mitatu nilisikia cherehani ile nikamhesabu hana moyo.

Nikarudisha mbegu kwenye bahasha, bahasha kwenye kopo. Gauni nikalifunga kwa pini. Kisha nikaenda uzioni.

"Mwalimu, nipe mbegu za yale maua."

Akanitazama, akashusha pumzi. "Na wewe? Nyumba yenu itanimalizia akiba. Mwenzako aliniapisha nisiseme."

"Na mimi nakuapisha."

Nilizimwaga chini ya dirisha la chumba cha kushonea. Ovyo ovyo, nimegeuza uso, zianguke zinavyotaka.

Zilipoota, nikagonga dirisha. "Mwanangu, leo magoti yamenigomea. Njoo unisaidie."

Cherehani ikanyamaza.

Alitoka na utepe shingoni, macho yanakwepa jua. Akaitazama ile miche muda mrefu. Miwili imebanana, mmoja peke yake, mitano kwenye kona.

"Haya yameota vibaya, Mama."

"Maua huota hivyo, mwanangu."

Akanitazama. Nikamtazama. Kisha akapiga magoti upande wake wa gunia, akaanza kuchimba.

Hatukusema lolote mpaka leo. Wiki hii mstari umeota kwangu, wiki ijayo yataota ovyo kwake. Jirani analalamika, na mbegu analeta.

Sijalia bado. Yeye pia. Ila uji tunamaliza, na juzi alikata gauni la mteja.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu akikuongezea kazi siku ambayo huna nguvu, usikimbilie kununa. Piga magoti kwanza, pima kwa mkono, uone kama haikupandwa na anayekupenda.