Jiwe alilolizua baba yangu kule Kisarawe

Leo baba yangu amewadanganya wajukuu zake mezani, mchana kweupe.

Eti mama yenu, alipokuwa darasa la sita, alishindwa mbio kule Kisarawe kwa sababu alijikwaa kwenye jiwe.

Jiwe gani, jamani?

Ilikuwa miaka ya sabini, tunaishi Vihingo. Kila alfajiri mzee alinikimbiza kwenye njia ya mashambani. Yeye alikuwa nyuma yangu juu ya baiskeli, anapiga kengele kila nikipunguza mwendo. Mwenyewe hata kufukuza kuku hawezi.

Asubuhi ya mashindano nilitapika uji wote. Akaniambia, "Ukishindwa, usinirudie nyumbani."

Nikakimbia. Niliongoza mpaka nikauona utepe.

Nyuma ya utepe nikamwona yeye, ameshika fimbo.

Miguu ikakata kona yenyewe. Nilitoka uwanjani, nikapenya katikati ya watu, nikaenda kujifungia chooni kwa shangazi mpaka jioni.

Hilo jiwe alilizua yeye, asichekwe na wenzake.

Basi leo nimewaambia wanangu ukweli wote, naye amekaa palepale anasikiliza. Nikadhani, kwa umri ule, sasa ataniomba radhi.

Akaweka kikombe chini, akatikisa kichwa.

"Ulibakiza hatua kumi tu, mwanangu. Tungechukua kombe."

Tungechukua!

Hebu niambieni, yeye alikimbia na nani?