Barnaba Alivyohamishia Uvimbe Wangu Begani

Mwaka wa tisini na tatu, mkwe wangu Barnaba, mume wa binti yangu, ndiye alikuwa akishika redio kol katika zahanati ya misheni karibu na Iguhu. Kila Jumatatu aliwaeleza madaktari wa hospitali kubwa ya mbali habari za wagonjwa, nao wakampangia kila mtu daktari wake na siku yake. Na sauti aliyokuwa nayo! Akisema "ova," yaani nimemaliza, zamu yako, nyani wa msitu mzima walinyamaza wakingoja jibu. Zahanati zote za mkoa zilisikia.

Uvimbe ukanitokea kwenye titi. Muuguzi Jescah akamwambia Barnaba autangaze.

Sasa jamani, kwetu mkwe hanipi mkono. Nikitokea njiani, yeye huingia kwenye mahindi. Ataanzaje kutaja titi langu mbele ya mkoa? Akafumba macho: "Mama mzee, uvimbe begani. Ova."

Nikapangiwa daktari wa mifupa. Akapiga bega picha, akasema linaweza kubeba ng'ombe. Nilipomwonyesha titi, akasema hilo ni la mwenzake, na mwenzake huona waliopangwa kwa redio tu. Nikarudi nalo.

Jescah akanipapasa tena. "Uvimbe umekua," akasema, akamgeukia Barnaba. "Ulisema nini kwenye redio?"

Barnaba akaacha kula. Kila asubuhi nikawa nakuta mlangoni kuku amefungwa mguu, na kuni zimepangwa hadi paa. Nikadhani anataka kunichoma. Siku moja akaniita kutoka nyuma ya migomba.

"Mama, nimekuua."

"Bado napumua. Na kuku wako nimemla."

"Niliona aibu, mama."

"Aibu yako ndiyo inakua kifuani mwangu. Jumatatu itoe."

Jumatatu nikakaa chini ya dirisha la zahanati. Sauti ile ikaanza. "Yule mgonjwa wa bega ni mama mkwe wangu. Si bega. Ni titi la kushoto. Nilidanganya. Ova."

Mtu wa zahanati nyingine akadakia, "Mkwe mzima, unataja?" Daktari akamkatiza: nije Alhamisi.

Walikata titi lote. Ningefika mapema, daktari alisema, wangetoa uvimbe peke yake. Barnaba alikuwa amenifuata hadi hospitali, amesimama mlangoni, akasikia.

Hadi leo nikitokea njiani anaingia kwenye mahindi. Lakini siku hizi nasikia kutoka humo ndani, "Mama, nisamehe."

Nami namjibu, "Nimekusikia. Ova."