Mgeni Aliyekwama Maskati

Nilikuwa bado ngazini nyumbani kwetu Unguja, sijaona chochote, nikasikia mlio: kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Ni kaseti ya Babu, inapakia mchezo kwenye kompyuta kongwe aliyoletewa zawadi na mdogo wake, Babu Khalfan wa Maskati.

Mchezo ameutunga huyohuyo mdogo wake, enzi za kompyuta za kuchomekwa kwenye televisheni. Mgeni anaingia nyumba ya watu, anakaribishwa kahawa, kisha inabidi atoke. Babu hajapata kumtoa. Miaka yote mwenyeji anamimina, mgeni anakunywa, mlango haufunguki. Na Babu ameapa hakanyagi Maskati mpaka mgeni wake atoke. Ndugu wamezeeka hawajaonana. Nikakata tiketi ya Maskati.

Alkhamisi asubuhi, Mabela, kiungani mwa Maskati. Babu Khalfan alinifungulia mwenyewe, kanzu nyeupe, macho ya mtoto aliyeficha kitu.

"Kaka yangu bado yumo ndani?"

"Yumo, Babu. Anakunywa."

"Maskini. Tumbo lake."

Akanikalisha majlisi, sebule ya wageni, akasimama na dele la kahawa. Alimimina huku akisimulia: enzi hizo, akirudi kutoka kazini wizarani, anaandika michezo, ananakili kaseti moja moja, anachora majalada kwa mkono, anauza kwenye duka la redio, sokoni Matrah. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa finyu hata ikabidi achague: mgeni awe na miguu, au mlango uwe na kitasa.

"Nikampa miguu. Baadaye zikaja kompyuta zenye nafasi tele, raha ikanitoka."

Kikombe cha sita. Cha tisa. Kukataa niliona haya.

"Babu, kesho nna safari. Siri ya mlango ni ipi?"

Akamimina.

"Ahsante, Babu, nimetosheka."

"Mdomo umetosheka. Mkono wako unataka tena."

Mkewe, Bi Zuhura, akachungulia. "Mwanangu, tikisa kikombe. Atakuua huyu."

Nikatikisa. Dele likatua.

"Zuhura, umeniharibia kazi ya umri mzima."

Nilikitazama kikombe. Kwetu Unguja ukishiba kahawa unashukuru, unakiweka chini. Hapa usipotikisa, hujamaliza.

"Kwa hiyo kwenye mchezo…"

"Kulia, kushoto, kulia. Angekuja kunywa kwangu siku moja tu, angelijua." Akacheka peke yake, kisha akaacha.

Jumamosi, Unguja. Sikumwambia Babu kitu. Nilikaa ubavuni pake mbele ya televisheni, nikamaliza kahawa yangu, nikatikisa kikombe: kulia, kushoto, kulia. Alikitazama kikombe changu. Kisha akabonyeza vitufe kwa mpangilio uleule.

Mwenyeji akaweka dele chini. Mlango usio na kitasa ukafunguka, mgeni akatoka kwa miguu yake, na kwenye kioo yakajiandika maneno: *Umekawia, kaka.*

Babu aliyasoma mara mbili. "Huyu mtoto Khalfan hana adabu," akasema. Akazima televisheni, akavaa kofia.

"Wapi, Babu?"

"Kupiga picha ya pasipoti."

Na mlango wetu, ambao una kitasa, ukafungwa nyuma yake.