Simshukuru Aliyenivunja Meno

Ndugu zangu, mchungaji ameniomba nisimame niwaeleze nilivyopona. Nitaeleza. Lakini mjue mapema kwamba nina hasira, na uzee haujaipunguza.

Mimi ni mkulima. Shamba letu liko kwenye mteremko wa Makindye, na enzi zile za utawala wa kijeshi tulikuwa na migomba, viazi vitamu na ng'ombe wa maziwa. Mke wangu, ambaye wote mnamwita Nalongo kwa kuwa alizaa mapacha, kama mimi babao mnavyoniita Salongo, alikamua alfajiri na kupeleka maziwa sokoni Nakivubo. Hatukuwa matajiri, ila watoto wetu hawakulala njaa.

Kisha wanajeshi wakaja wakayataka mabati ya zizi letu. Kuomba hawakuomba. Waliyang'oa, wakayapakia kwenye lori, wakatuachia nguzo na misumari iliyotapakaa kwenye samadi. Nani angesema neno wakati ule? Siku chache baadaye nilikuwa nazoa samadi, miguu mitupu, nikakanyaga msumari mmoja. Uliingia kisiginoni hadi nikausikia kwenye mfupa. Nikauchomoa, nikajimwagia maji, nikarudi kazini. Mkulima akilala kwa kidonda cha mguu, nani atamlimia?

Kidonda kilianza kukauka. Ndipo taya likakaza. Nilishindwa kutafuna kiazi, Nalongo akadhani ni jino. Kesho yake shingo ikawa ngumu kama mpini wa jembe, halafu mgongo ukawa unapinda wenyewe kwa nyuma, nikagusa kitanda kwa kisogo na visigino tu. Mtu akigonga mlango, mwili mzima unakakamaa. Jasho linanitoka, mkojo umegoma. Na uso! Midomo ilivutwa pembeni, meno yote nje, ungedhani nacheka. Akili yangu ilikuwa timamu. Nilijua kabisa kwamba nakufa.

Jirani yetu Musisi alikuwa na pikapu. Walinilaza nyuma juu ya majani ya migomba, wakanifunika shuka, Nalongo akakaa kando yangu, tukaelekea hospitali. Hatukufika mbali, tukakuta kizuizi. Askari akafunua shuka.

"Wewe nacheka nini?"

Nalongo akapiga magoti palepale ndani ya gari. "Afande, hapana cheka. Yeye iko mgonjwa sana."

"Mimi naona meno! Nacheka jeshi? Funga mdomo!"

Ningefungaje? Akanipiga kwa kitako cha bunduki. Meno ya mbele yakavunjika, nikameza damu, wala sikuweza kupiga kelele kwa sababu taya halikufunguka. Kipigo hicho kikauamsha ugonjwa, mgongo ukapinda, nikawa narukaruka kwenye yale majani. Askari akarudi nyuma kwa woga.

"Huyu iko na shetani! Peleka yeye, toka hapa!"

Hospitalini tulimkuta daktari kijana, aliyebaki peke yake wodini baada ya wenzake kukimbia nchi. "Hii ni pepopunda," alimwambia Nalongo. "Sindano ya kupambana na sumu ninayo kidogo. Lakini mpira wa kumlishia hatuna, na asipokula ataisha." Kisha akachungulia kinywani mwangu, penye pengo. "Mama, hapa panaweza kupita kitu."

Nalongo alikata bua la jani la papai, lile lenye tundu, akaliosha kwa maji ya moto, akalipitisha kwenye pengo. Akaninywesha maziwa ya ng'ombe wetu na uji mwembamba wa ulezi, tone kwa tone, ndani ya chumba kilichozibwa madirisha ili mwanga usinishtue. Mara nyingine nilipaliwa, uji ukatokea puani. Alinifuta, akaanza tena. Fizi zilioza, zikanuka hata mimi nikajikirihi. Yeye hakugeuza uso.

Taya lililegea polepole. Nilirudi nyumbani kwa mkongojo, na hadi leo mgongo huniuma nikiinama kupalilia.

Vaeni viatu zizini, tafadhali. Ukichomwa na msumari usijifanye jasiri, nenda ukadungwe sindano siku hiyohiyo. Mkiona mgonjwa amekaza taya, mkimbizeni.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule, na Musisi. Lakini tangu nipone, watu hawaachi kuniambia, hata humu kanisani: "Salongo, Mungu ana njia zake. Bila yule askari ungekufa njaa. Mshukuru." Banange! Yule alinipiga nikiwa siwezi hata kumwomba asinipige. Alikusudia kuniumiza na aliniumiza. Mungu wangu hakumtuma.

Miaka yote hii mnanihimiza nimshukuru mwanamume ambaye hata jina lake silijui. Nalongo ameketi pale, karibu na dirisha. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwambia asante. Simameni mumwambie sasa. Nasubiri.