Sanduku Alilosema Liachwe

Ukifika mjini kati, Lubumbashi, nyuma ya maduka ya vitambaa, uliza tu anayetengeneza kompyuta za mbao ni nani. Watakuonyesha mlango wa Ngosa, na kabla hujaufikia utakuwa umeshamsikia, maana mwili wake ni mdogo lakini sauti yake inavuka barabara mbili.

Kompyuta za mbao, ndiyo, msicheke. Masanduku aliyachonga Godefroid, seremala aliyekodi naye chumba kimoja. Ndani ya sanduku mlikuwa na bamba la chuma lenye mfereji, na kwenye mfereji unachomeka kadi, ukubwa wake kama kadi ya mpiga kura. Kwenye hiyo kadi ndiko kulikokaa kila kitu: kumbukumbu, na ile puce, yaani kichakataji, akili yenyewe ya mashine. Sanduku likiungua, unachukua jingine. Kadi ikichoka, unaweka mpya, sanduku linabaki lilelile. Na kwa sababu nchi hii imetufundisha kulala tukijua viatu viko wapi, Ngosa alikuwa na maneno yake ya kuuzia, hata watoto wa mtaa waliyaimba wakimwona:

"Siku ya kukimbia, chomoa kadi, acha sanduku! Sanduku njo mbao tu!" Yaani, sanduku ni mbao tu.

Sasa, ilikuwa lazima achague puce. Mbele yake zilikuwapo mbili. Ya kwanza ilikuwa na mwendo wa mtu aliyetoka kula bukari, ugali wetu mzito, lakini walioitengeneza waliweka kila kitu wazi: michoro, maelezo, hata programu ya kuiamsha. Yeyote asome, yeyote arekebishe, yeyote amgawie jirani. Ya pili ilikuwa na mbio. Ila kuamka kwake kulitegemea programu moja ndogo iliyofungwa, ambayo ndani yake mwenye kiwanda peke yake alijua mna nini. Ngosa aliijaribu. Aliona kwamba kadi ikihamia sanduku jingine, ile programu inaomba ruhusa kwa mwenye kiwanda, kupitia mtandao. Ruhusa ilikuja kabla hajamaliza kupiga chafya. Kitu kidogo, alijiambia.

Hata hivyo alianza na ile ya polepole, na kwa moyo mweupe. Aliipeleka kwenye ukumbi wa parokia, mbele ya wafanyabiashara wa asili ya Kivu Kaskazini wanaouza kwa jumla hapa mjini na kuendesha malori. Akawawekea video ya harusi. Video ikakwama, ikasogea, ikakwama.

"Mama Ngosa," mmoja akaita kutoka nyuma, "uyu bibi-arusi anaenda ku kanisa, ao banamupeleka ku makaburi?"

Ukumbi wote ukavunjika mbavu. Ngosa naye alicheka, afanyeje, lakini masikio yalimwaka moto. Mtu mmoja tu hakucheka. Ni Kakule, mwenye malori matatu na maneno machache. Yeye alisogea, akaligusa sanduku kama mtu anayempapasa mbuzi kabla ya kumnunua.

"Hii iko yetu kweli? Hakuna mutu wa mbali mwenye kuishika mukia?"

"Iko yetu, Papa Kakule. Yote iko wazi."

"Basi. Mutanipatia moja. Dada yangu Estelle anatumika ku radio, kwetu Goma, pembeni ya ziwa Kivu. Kule kukimbia ni kama kwenda soko."

Siku ile jibu la Ngosa lilikuwa la kweli. Lakini kicheko cha ukumbi kilimfuata mpaka nyumbani, kikakaa naye mezani. Alipokuja kutengeneza kadi ya Kakule, mikono yake ilichukua puce yenye mbio. Kwenye sanduku alibandika lile neno lake, WAZI, kwa herufi kubwa. Hakumwambia Kakule. Hakumwambia Godefroid. Kila mashine iliyofuata ilikwenda na puce ile, na hakuna aliyecheka tena.

Kisha mwaka ukapinduka, na vita vikaimeza Goma. Mabenki ya kule yakafunga, uwanja wa ndege ukafunga, watu wakamwagika barabarani na magodoro kichwani. Simu ya mama yake Kakule iliporwa njiani. Tangu hapo, mama yake alikuwa mtu aliyeonekana na fulani, aliyesikika na fulani, basi.

Estelle alifika Lubumbashi mwezi wa tatu, kwa mashua na malori, kupitia Uvira na Kalemie. Kakule alimleta moja kwa moja kwa Ngosa, hata kuoga alikuwa hajaoga vizuri. Estelle akafungua kitenge, akatoa soksi ya mtoto, na ndani ya soksi akatoa kadi.

"Nilifanya vile ulisema, mama," alisema Estelle. "Nilichomoa kadi, niliacha sanduku."

Kakule akaeleza. Siku za mwisho, watu walipita radioni kuacha sauti zao, kila mmoja akisema anakimbilia wapi, ili ndugu wamfuate. Mama yao naye alipita, Estelle akiwa nje anatafuta mafuta ya jenereta. Mwenzake alimwambia tu: mama yako ameacha sauti mu mashine, toa kadi ukimbie. Mwenzake huyo naye sasa hajulikani aliko.

"Mama yangu iko mu hii kadi," alisema Kakule. "Mufungue."

Ngosa akaichomeka kwenye sanduku lililokuwa mezani. Kioo kikawaka, ukatoka mstari mmoja wa maandishi: kadi inaomba ruhusa. Akaunganisha mtandao. Akangoja. Mwenye kiwanda hakujibu. Akajaribu tena, na tena, hadi akasoma kwenye simu yake kwamba kiwanda kimeacha kuhudumia puce za aina hiyo tangu Krismasi. Mlango ulikuwa umefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa ameshahama.

Nyuma ya Ngosa, Estelle akauliza polepole:

"Ni maji, eh? Ku mashua mvua ilitupiga. Nilikuwa najua. Ni mimi niliiharibu."

Hapo, jamani, ndipo palikuwa pa kusema. Ngosa alikuwa na neno kamili mdomoni. Likatoka lingine:

"Maji na puce, havipatane, dada."

Mnaona? Si uongo. Maji na puce havipatani kweli. Lakini Kakule alimgeukia mdogo wake: "Ulipata nailoni ya kufunikia sukari, ukakosa ya kufunikia sauti ya mama!" Na yule binti akainamisha kichwa kama aliyeshikwa na mali ya wizi.

"Nitajaribu bado," alisema Ngosa. Alijaribu kweli, juma zima na zaidi, huku akijua hakuna cha kujaribu. Courant, yaani umeme, ikikatika alishukuru, maana mashine iliyozimika haimwangalii mtu. Watoto mtaani walipoimba "sanduku njo mbao tu", alifunga dirisha.

Halafu mchana mmoja Estelle akaja na sahani iliyofunikwa, bukari na mboga za lengalenga.

"Yaya Kakule anasema hauna kula juu ya kazi yetu. Kula, mama. Hata kama haitafunguka, unateswa juu ya kosa yangu."

Ngosa aliitazama ile sahani. Mvuke ulipanda ukampiga usoni. Hakula.

"Kaa chini, Estelle. Haiko kosa yako. Hakuna tone la maji liliingia mu hii kadi. Ni miye. Nilichagua puce yenye iko na mukubwa wake mbali, juu bantu balinicheka. Na nikakuacha ubebe."

Estelle alisimama, akaichukua sahani yake, akatoka nayo. Ngosa aliona hiyo ni haki.

Jioni Kakule alikuja. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza.

"Nilikuuliza. Mbele ya batu."

"Uliniuliza, Papa."

"Na sasa?"

"Sasa... iko sanduku moja tu yenye hii kadi inajua. Ile ya kwanza. Ile niliwaambia muache."

Kakule akatoa simu. Jérémie, dereva wake wa zamani, alikuwa amebaki kule. "Sikia. Tafuta sanduku ya mbao ku radio. Ndiyo, mbao! Usicheke, we."

Sanduku lilikuwa limepasuliwa kuni na jirani wa radio. Lakini bamba la chuma, ambalo ndilo kadi ilikuwa inalitambua, halipiki maharage; lilikutwa juani, kuku wakinywea maji ndani yake. Likafungwa ndani ya shati, likapita Uganda, Tanzania, Zambia, mkono kwa mkono wa wafanyabiashara, likaingia Kasumbalesa ndani ya lori la samaki wakavu. Huku nyuma Ngosa alisimama tena katika ukumbi wa parokia, akawaeleza wote waliokuwa na mashine zake kilichomo ndani. Safari hii hakuna aliyetania. Walizirudisha moja moja, wakazipanga mlangoni pake bila kumsalimu.

Bamba lilifika mwezi wa tano. Godefroid alilisugua, Ngosa akachomeka kadi. Kioo kikawaka, na kadi haikuomba ruhusa ya mtu. Estelle akaitafuta sauti. Ngosa akainuka atoke, maana haikuwa yake kusikiliza.

"Apana," alisema Kakule. "Kaa. Usikie."

Kikohozi kikatoka kwanza. Kisha sauti ya bibi mzee, karibu mno na kinasa sauti: "Kakule, Estelle, ni mimi. Niko na shangazi yenu. Masista wa kule Kalehe watatupokea. Tutawangojea mpaka Pasaka. Kisha watatuhamisha, bado hawajui wapi. Msikawie, wanangu."

Pasaka ilikuwa imepita.

Kakule alikuwa tayari na simu sikioni, anamwita Jérémie, anasema Kalehe, masista, uliza walikwenda wapi. Estelle alirudisha sauti mwanzo, aisikie tena. Ngosa akavuta droo ya chini, ambamo ile puce ya polepole ilikuwa imelala tangu siku ya bibi-arusi. Akaipuliza vumbi. Akawasha chuma cha kulehemu, na wakati kinapata moto, ile sauti nyuma yake ikafika tena penye Pasaka.