Karatasi Chini ya Mkono wa Koleo

Ukimwona barabarani utampita tu. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, kiatu kimelalia upande, anatembea kama kachelewa hata siku aliyowahi. Mpe mkono wa salamu sasa. Hapo ndipo utajua kwa nini wenzake kazini walimbatiza Koleo. Usoni wanamwita Shangazi, kwa adabu zote. Koleo ni jina la kisogoni. Yeye analijua, na moyoni analipenda, ila ukilitaja mbele yake atakushika bega kwa utani na utaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

Kazi yake kukanda watu. Miaka ishirini na mbili kituo kilekile, chumba cha pili kushoto ukishapita mapokezi: kitanda kirefu chenye tundu la kuwekea uso, rafu ya taulo, chupa tatu za mafuta, na feni inayolalamika mchana kutwa kama ina mashemeji wabaya. Walimu wa shingo ngumu, mafundi cherehani wa migongo iliyopinda, mabosi ambao mabega yamepanda mpaka masikioni, wote wamepita mikononi mwake. Kuna dereva mmoja wa lori, kifua kama mlango wa ghala, kila akija anauliza kwanza mapokezi: "Leo yuko nani? Yule Shangazi? Basi nitapita kesho."

Alikuwa na kipimo chake, hakukisoma popote. Mteja akishajinyoosha chali, Koleo anachukua karatasi anaipitisha chini ya mkono wake, pale karibu na kiwiko. Karatasi ikipita, anaguna. "Huyu kalala yeye, mkono wake bado uko kazini." Anaendelea kukanda. Karatasi ikikwama, anajua mtu kaachia kweli. Kila mwanafunzi aliyepita kwake aliachiwa kipimo hicho kama urithi wa shamba.

Sasa kituo kikaletewa Mshauri. Binti mdogo, miwani mikubwa, sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kazi yake mambo ya ndani: huzuni, hofu, hasira zilizovunda. Akasema huzuni haikai moyoni peke yake, inapanga vyumba mwili mzima, mara kooni, mara tumboni, mara begani. Kwa hiyo yeye atakaa kwenye kigoda pembeni aongee na mteja, huku mkandaji anaendelea na kazi.

"Hilo nalijua tangu wewe unanyonya, mwanangu," Koleo akamwambia. "Watu wananililia hapa mpaka nabadilisha shuka. Tofauti ni kwamba mimi sina kigoda."

Balaa lilikuja na sharti. Anayetaka kubaki chumba kile lazima alale yeye mwenyewe kitandani mara tano, akandwe, aulizwe maswali, na kila mara Mshauri atie sahihi kwenye fomu. Fomu imfikie Mkuu wa kituo Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kabla ya saa sita mchana. Asiye na fomu anahamia nyuma, kufua taulo.

Koleo alichemka siku mbili. Yeye, aliyewakanda hadi baba zao wakubwa, aende akalale kama mgeni? Lakini hasira ile ilikuwa na mkia. Bega lake la kulia lilikuwa limegoma, mwaka wa pili sasa. Nguo alianika kwa mkono wa kushoto. Taulo za rafu ya juu alizishusha siku ambazo hakuna anayemwona, kapanda juu ya ndoo. Mgongo wa mteja aliubonyeza kwa kiwiko, akiuita ufundi wa kisasa. Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema kama anajificha pia. Wakigundua, alijiambia, naenda kwenye beseni la taulo, na kwenye beseni nitafia.

Wa kumkanda alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, Fundi Saa. Jamaa alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa mpaka simu zikamfilisi. Mwembamba, jicho moja kalifinya kwa mazoea, mikono myepesi kama ya mtu anayetafuta skrubu iliyodondoka. Koleo alikuwa keshamkatia tamaa. Saa nzima jamaa anaweka kiganja mgongoni mwa mtu, katulia, kama anasikiliza saa kama bado inatembea.

Siku ya kwanza Koleo alilala kifudifudi na kutoa amri kutokea kwenye tundu la kitanda.

"Shuka kidogo. Kushoto. Huko kushoto kwako, mimi nataka kwangu. Bonyeza, baba, mimi si yai."

"Shangazi," Mshauri akanong'ona, "sasa hivi unahisi nini, na unahisi wapi?"

"Nahisi njaa. Tumboni."

Mshauri akaandika. Koleo akamsikia anaandika na akazidi kukasirika.

Wakamgeuza chali. Fundi Saa akachukua ile fomu, ndiyo karatasi iliyokuwa karibu, akaipitisha chini ya mkono wa kulia. Ikapita kama barua chini ya mlango.

"Shangazi, inapita."

"Upepo wa feni huo."

Fundi Saa akazima feni. Akajaribu tena. Ikapita.

"Karatasi za siku hizi nyembamba," Koleo akasema. "Tia sahihi, mwanangu, watu wana kazi."

Mara ya pili ikapita. Mara ya tatu alijibana mpaka jasho likamtoka, anaukandamiza mkono kitandani kwa nguvu, na Fundi Saa akamwambia kwa upole kwamba kukandamiza si kuachia, maneno aliyofundishwa na Koleo mwenyewe. Koleo akamnunia hadi kesho yake. Mara ya nne Fundi Saa hakukanda kabisa. Aliingiza viganja viwili chini ya mkono ule, akaubeba.

"Nimeushika, Shangazi. Uzito niachie mimi."

"Nimekuachia."

"Bado hujaniachia."

"We mtoto, mkono ni wangu au wako?"

"Wako. Ndiyo maana bado unao."

Mshauri akaliingiza swali lake kama mtu anayeweka glasi mezani. "Huo mkono, Shangazi, unambeba nani?"

"Unabeba mafuta ya wateja wenu," Koleo akajibu, akashuka kitandani kabla ya muda, akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Lakini kule chumba cha taulo alisimama muda mrefu bila kuchukua taulo.

Nyumbani alikuwa akilala chumba kimoja na binti yake, wa mwisho, mwenye mdomo kama wa mama yake. Alfajiri ya Ijumaa ile ya mwisho wa mwezi binti alikuwa anajiandaa kwenda kazini, akamtikisa.

"Mama, unajua unalalaje? Mkono umeutoa hivi nje, kama umemlaza mtu. Bibi kaondoka mwaka wa pili huu, wewe bado umemshika shingo."

"Nenda kazini," Koleo akasema.

Binti akaenda. Koleo akabaki anautazama mkono wake juu ya godoro. Haukuwa umegusa godoro.

Saa nne na nusu alikuwa kitandani kwa mara ya tano. Hakutoa amri. Fundi Saa akashtuka, akadhani mtu anaumwa. Akabeba mkono kama jana yake. Mshauri kwenye kigoda. Feni ikawa inalalamika peke yake.

"Mama yangu alilala kitandani miaka mitatu," Koleo akaanza, akiliambia dari. "Mkono huu ndio ulikuwa mto wake. Hakutaka mto mwingine. Nikimgeuza ananitukana, anasema namgeuza kama godoro linaloanikwa. Hadi unalia kwa kucheka."

Akaendelea kuliambia dari.

"Siku ile niliweka maji jikoni. Nikasikia yanafurika. Nikautoa mkono kidogo tu nikazime."

"Halafu?" Mshauri akauliza.

"Halafu nikazima."

Fundi Saa hakusogeza kidole.

"Niliporudi alikuwa keshaenda. Miaka mitatu, na alinisubiri nitoe mkono. Alikuwa mjanja sana yule mwanamke."

Akacheka, kicheko kikakosea njia na kutokea machoni. Alilia kwa sauti ya mtu anayepandisha kabati ngazini. Kule mapokezi yule dereva wa lori akasimama, akauliza mlango wa kutokea. Kilio kikashuka, kikawa pumzi, pumzi ikawa nzito. Fundi Saa akahisi mkono unaongezeka uzito viganjani mwake, kidogo kidogo, mpaka ukawa wote. Akaitelezesha fomu chini, akaushusha mkono juu yake taratibu, ili apime. Akavuta.

Haikutoka.

Akavuta tena. Karatasi imekwama kama imepigiliwa. Na Koleo keshaanza kukoroma.

Wakatazamana. Ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

"Tumwamshe," Mshauri akanong'ona. "Fomu si iko chini yake?"

"Mteja aliyelala haamshwi," Fundi Saa akasema. "Sheria yake ya kwanza hiyo. Nikimwamsha leo, mimi ndiye nitakayefua taulo."

"Lakini atapoteza chumba chake."

Fundi Saa akafinya lile jicho lake, akafikiri, akatoka mbio. Akarudi na Mkuu wa kituo, mzee mnene aliyeletwa akiwa na kalamu sikioni na hajui anakwenda kuona nini. Mkuu akautazama ule mkono. Alishawahi kupitishiwa karatasi na Koleo, zamani, wakati wa talaka yake. Akainama, akashika pembe ya fomu iliyochungulia nje, akaivuta kidogo kwa vidole viwili.

"Haipiti," akasema, kwa heshima kabisa.

Bahati, nafasi ya sahihi ya tano ilikuwa chini kabisa ya fomu, kwenye ile pembe. Mshauri akatia sahihi amepiga magoti. Mkuu akaandika imepokelewa, saa sita kasoro dakika mbili, maandishi yakipanda mlima, kisha wote watatu wakatoka kwa kunyata kama wezi wa kuku.

Koleo aliamka saa nane, shavu lina mistari ya shuka. Akaikuta fomu imeloa jasho na imejikunja.

"Nani kachorachora karatasi yangu?" akauliza. "Na wewe Fundi Saa, miguu hukunifunika. Nilikufundisha nini?"

Akauinua mkono wa kulia kuchukua taulo safi rafu ya juu, mbele za watu. Mkono ukafika nusu ya safari, ukasimama. Akautazama, akaguna, akakivuta kigoda cha Mshauri, akapanda.