Msomaji wa Makala ya Mwalimu Lokule

Kulusum alikuwa mpiga chapa mjini Arua, na mwaka 1992 karatasi nyingi za maana zilipita mikononi mwake. Mwalimu Lokule alimpigisha chapa makala kuhusu mihogo ya kijijini kwao Lobule, akaituma kwenye jarida la wasomi. Jarida likajibu kwamba lazima mtaalamu mwingine aipime kwanza, na Lokule mwenyewe ampendekeze. Akampendekeza Dokta Soka, kwa anwani ya sanduku la posta lake yeye Lokule.

Barua ya jarida kwa Dokta Soka ilipofika, Lokule alikuja nayo kwa Kulusum. "Andika, mama: sijapata kusoma makala bora kama hii."

"Mwalimu, Soka si iko mjomba yako? Si tulimuzika Lobule mwaka jana?"

"Elimu haifi," Lokule akasema. "Andika."

Kulusum aliandika, lakini moyo ulimsuta wiki nzima.

Makala ilitoka. Mhariri alipendezwa na hekima ya Soka hata akampa kiti kwenye kamati ya jarida, kisha akafunga safari hadi Arua kumpa mkono. Lokule akajifanya mgonjwa. Mgeni akamuulizia Soka mjini mpaka akafika kwa Kulusum, naye akampeleka Lobule, penye kaburi.

Mhariri alisoma tarehe ya kifo mara mbili. Toleo lililofuata liliifuta makala.

"Umeniharibia jina," Lokule alikuja kulalamika.

"Aliuliza mutu iko wapi," Kulusum akasema. "Nikamuonyesha."